Ndama wa Mgeni wa Jumamosi

Jumamosi ile, kabla gari la jipu la wanafunzi halijafika, nilimvua baba yangu jezi.

Ilikuwa jezi nyekundu ya timu ya mpira ya Ulaya. Baba hajui hata timu yenyewe inacheza nchi gani, ila aliipenda kwa sababu ina joto. Nilimwambia wageni hawapandi milima yote hii kuja kuona jezi. Nikamtafutia koti kuukuu, nikamvisha kofia, nikampa fimbo na kumwagiza asiiachilie hata akiwa ameketi. Mabidoni ya njano, yale tunayobebea maziwa kila siku hadi barabarani, nikayaficha nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa mabua ya mahindi. Kisha nikashusha chansi, chombo cha mbao cha maziwa alichokiacha marehemu mama, nikakiosha na kukiweka mlangoni mahali ambapo kamera haiwezi kukikosa.

Baba alijitazama kuanzia viatu hadi mabega.

"Sa mi niko nani?" akauliza.

"Uko Papa ya zamani," nikamjibu.

Akacheka. Hakuwa mtu wa makuu, na mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Nikisema jambo ni la shule, aliliacha lipite.

Mwaka ule nilikuwa namalizia masomo kwenye taasisi moja ya Goma inayofundisha kilimo na mifugo. Kila muhula taasisi ilipokea wanafunzi wa nje, wachache kutoka Burundi, Benin, Burkina Faso na Ubelgiji. Siku za kazi walisoma darasani pamoja nasi. Jumamosi biro, yaani ofisi ya taasisi, iliwapeleka kile walichokiita sorti, yaani safari ya kuona mila na historia ya nchi waliyokuja kusomea. Walitafuta mtu anayejua Kifaransa vizuri na anayejua Masisi, milima ya kwetu, vizuri zaidi, nikajitokeza. Barabara ilikuwa imetulia kidogo wakati huo. Uliweza kutoka Goma asubuhi, ukapanda hadi kwetu Nyamitaba, ukashuka kabla jua halijazama. Siku hizi nikisimulia hivyo watu wananiangalia kama mtu anayesimulia ndoto.

Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu nina mdomo. Niliwapeleka kwenye shamba la fromaji, yaani jibini, wakaona maziwa yakigandishwa, wakanunua. Niliwapeleka kwenye shamba la chai la wakati wa Wabelgiji, wakapiga picha mashine zenye kutu. Mahali pasipo na kitu cha kuona, nilitengeneza. Karibu na Kingi kuna jiwe kubwa pembeni mwa njia, jiwe tu, wachungaji hulikalia wakivuta sigara. Niliwaambia wanafunzi kwamba machifu wa zamani waliapishwa juu yake. Waliandika kwenye madaftari yao. Wiki iliyofuata nikaongeza kwamba chifu mwongo akilikalia hainuki. Walinipenda sana. Hata dereva, aliyezaliwa Kingi, alianza kupunguza mwendo akilifikia.

Nayaeleza haya ili msomaji ajue mapema alikuwa mtu gani aliyesimama katikati ya baba yangu na mgeni wake siku hiyo. Kusema uongo kwangu hakukuwa ajali. Ilikuwa ufundi, na nilikuwa nasifiwa kwa ajili yake.

Wanafunzi walifika karibu saa tano, wanane. Baba aliwapokea vizuri, akajibu maswali yao kwa ufupi nami nikayarefusha kwa Kifaransa. Wakaishika fimbo yake, wakanusa chansi. Nilianza kuona kwamba sorti hii itakuwa nzuri kuliko zote. Ndipo mchungaji wetu akaja mbio kutoka chini kwenye malisho. Ng'ombe mmoja wa baba, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na ndama hatoki.

Tulishuka wote. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho yametoka, anahema. Baba alitupa fimbo yangu ya maonyesho, akapiga magoti kwenye matope na lile koti. Aliingiza mkono, akautoa, akatikisa kichwa. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma, na mkono wa baba, mnene na wenye kovu, haukuweza kuufikia.

Kati ya wanafunzi kulikuwa na msichana kutoka Burkina Faso, anayesomea udaktari wa mifugo. Alikuwa mkimya. Darasani alikaa mbele na kuandika kila kitu, na alivaa mabuti ya mpira hata siku zisizo na mvua, jambo ambalo sisi wenyeji tulilicheka. Hakuuliza ruhusa ya mtu. Alivua koti, akakunja mikono ya shati hadi begani, akaomba maji, sabuni na mafuta. Tulikuwa na mafuta ya mawese tu. Akajipaka hayo hayo, mkono ukawa mwekundu kama wa mchinjaji, akalala kifudifudi kwenye matope nyuma ya ng'ombe.

Sijui ilichukua muda gani. Nilimsikia akisema na yule ng'ombe kwa lugha yao, polepole, maneno yale yale. Kisha akasema "huu hapa," akaunyosha mguu, na yeye na baba wakavuta pamoja kila ng'ombe aliposukuma. Ndama akatoka. Alikuwa hapumui. Msichana akamtoa ute puani kwa vidole, akamsugua mbavu kwa nyasi kavu hadi akapiga chafya. Wanafunzi wakapiga kelele za furaha. Baba akainua mguu wa nyuma wa ndama, akatazama, akasema, "Ni jike."

Mimi pia nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa na sababu yake. Nilikuwa na mchumba Kingi. Wazazi wake walitaka katika mahari awemo mtamba, jike changa ambalo halijazaa, na baba hakuwa na mtamba. Ng'ombe wake walikuwa wachache, wa kutosha maziwa ya kuuza na ada za shule zangu. Lakini miezi miwili kabla ya siku hiyo aliniambia kwa kinywa chake: mimba ile ikizaa jike, ni la mahari yako. Kwa hiyo aliposema "ni jike," mimi nilisikia "umeoa."

Baba alinawa mikono. Akavua kofia niliyomvisha, akaiweka chini. Akamtuma mchungaji amwite jirani yetu, shemasi wa kanisa letu, naye akaja. Baba akamsimamisha awe shahidi. Hapo ningeelewa kinachokuja, kwa sababu nimekulia katika mila hizo, lakini akili yangu ilikuwa Kingi. Baba akaweka mkono juu ya mgongo wa ndama, bado umelowa, akamwangalia msichana usoni.

"Dada," akasema, "hii ndama umeitoa mu kifo. Mungu alinipatia yeye, na mi nakupatia yeye. Iko yako. Na byenye itazaa byote ni byako. Kuanzia leo uko mutoto ya hii nyumba, na mi niko Papa yako."

Kwa watu wa ng'ombe wa milima yetu hakuna neno zito kuliko hilo. Ukimpa mtu ng'ombe umefunga naye udugu unaopita mpaka kwa watoto. Halitamkwi kwa kuchangamka, halirudishwi, na anayepewa hakatai. Baba alikuwa amelitamka mara moja tu maishani kabla ya siku hiyo, kwa mtu aliyemficha wakati wa vita vya ujana wake.

Akanigeukia. "Umuambie."

Wote walinitazama. Msichana alikuwa amesimama, matope hadi shingoni, mkono mwekundu wa mawese ukining'inia. Nikafungua mdomo wangu.

Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba Papa anashukuru sana. Nikasema haya maneno ya kumpa ndama ni desturi tu, tunawafanyia wageni wote, ni kama maigizo ya kutoa shukrani. Asiwe na wasiwasi, hapewi kitu kweli. Anywe maziwa basi, na hapo mambo yanakwisha.

"Maigizo?" akauliza.

"Ndiyo, maigizo," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama baba. Nilidhani anachagua maneno ya kumshukuru. Baba akamletea maziwa katika chansi ya mama. Msichana akaipokea kwa mikono miwili, akanywa bila kuinua kichwa, akairudisha kwa mikono miwili. Wenzake wakapiga makofi na picha.

"Anasema nini?" baba akaniuliza.

"Anasema amepokea. Anashukuru mupaka maneno inamupotea."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Muhula utaisha, mgeni atapanda ndege, ndama atabaki zizini. Mwaka mmoja, miwili, baba mwenyewe ataona hakuna wa kumchukua, na ndama atarudi kwangu. Nilijiona mjanja. Siku nzima nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi maigizo nikiwaapia kuwa ni kweli, na lilipotokea jambo moja la kweli, nikaliita maigizo. Hilo sikuliona siku hiyo. Nililiona baadaye sana, na tangu nilione halijaniacha.

Wakati wa kuondoka wanafunzi wengine wote walimuaga baba kwa mkono. Msichana hakumuaga. Alienda moja kwa moja kwenye jipu, akaketi kwenye kona ya nyuma, akafunga mlango. Nililiona hilo. Baba pia aliliona, akamtetea kabla sijasema neno.

"Amechoka," akasema. "Unajua kuvuta ndama ni kazi."

Miaka miwili ikapita. Mgeni alikuwa amerudi kwao na ndama akawa mtamba mzuri, rangi ya kahawia, mwenye nyota nyeupe kwenye paji. Nilipata kazi Goma, nikapanda Nyamitaba siku ya Jumapili na kumkumbusha baba habari ya mahari. Nilizungumza kwa kuzunguka, nikimsifu yule mtamba alivyokua. Baba alinisikiliza hadi mwisho.

"Ile haiko yangu," akasema. "Ni ya dada."

"Papa, ule dada ako Burkina. Hatarudia."

"Hata kama asiporudia. Mi nilimupatia mbele ya shemasi. We mwenyewe ndio ulimuambia, na akapokea."

Nilikasirika. Ndiyo, mimi nilikasirika, nikampandishia sauti mzee katika nyumba yake. Nilimwambia anamweka mgeni mbele ya mtoto aliyemzaa. Baada ya wiki moja baba alimtoa ng'ombe wake bora wa maziwa, yule aliyeleta sabuni na chumvi katika nyumba ile, akambadilisha na mfugaji mwingine kwa mtamba, akampeleka Kingi kwa miguu yake mwenyewe. Nilioa kwa ng'ombe huyo. Kwenye arusi yangu watu walimsifu baba, nami nilisimama karibu naye nikitabasamu.

Ningesema ukweli hapo. Nafasi ilikuwepo, na mke wangu alishaingia nyumbani, hakuna ambacho ningepoteza zaidi ya uso wangu mbele za watu. Lakini uso ndio niliokuwa nautaka.

Badala yake niliongeza uongo, kwa sababu ule wa kwanza ulidai kulishwa. Yule wa kahawia, ng'ombe wa dada, alipozaa, baba alinipigia simu. "Uandikie dada. Umuambie imezaa." Nikasema nitaandika. Siku tatu baadaye akauliza, nikasema nimeandika. Akataka kujua amejibu nini. Nilikuwa kazini, watu wanangoja, nilitaka tu anyamaze.

"Anakusalimia," nikasema. "Anafurahi. Anasema umutunzie."

"Anasema nimutunzie?"

"Ndiyo, Papa."

Nilisikia kwenye simu jinsi alivyopumua. "Sawa," akasema. "Basi nitamutunzia."

Mara tatu au nne kwa miaka iliyofuata nilimpa baba salamu za mtu ambaye hakuwa amesema lolote. Nilizipamba. Nikasema dada amefaulu mtihani, dada amepata kazi, dada anauliza majani yakoje huko. Baba alizirudia kanisani kwa shemasi. Namba ya msichana nilikuwa nayo, tulikuwa na kikundi cha picha za zile sorti kwenye simu, kimelala tu. Sikuwahi kumwandikia neno moja.

Kisha vita vikapanda hadi kwetu. Nilikuwa Goma, na kwa wiki kadhaa simu ya baba haikupatikana. Watu waliofika kutoka Nyamitaba walisema wengi walikimbilia upande wa Walikale, kwenye msitu. Mmoja wao alikuwa shemasi. Nilimkuta kwenye uwanja wa kanisa, kati ya magodoro. Nikamuuliza habari za baba na za ng'ombe.

Aliniambia kwamba siku ile risasi ziliposikika, njia ya kutoka kijijini ilikuwa moja na imejaa watu, hakuna aliyeweza kuswaga kundi. Kila mtu alishika alichoweza. Baba aliingia zizini, akawapita wake wote, akamfunga kamba yule wa kahawia mwenye nyota, ambaye ndama wake alikuwa ameshakufa, akatoka naye. Shemasi alimpigia kelele achukue wa maziwa, amwache huyo. Baba alimjibu akiwa anatembea, ameshika njia ya Kalembe.

"Alisema hivi," shemasi akaniambia. "'Zangu zikipotea, ni zangu. Hii ndio niliambiwa nitunze.'"

Niliaga nikaondoka haraka, maana sikuweza kuendelea kumtazama usoni.

Njia ilipofunguka kidogo nilienda. Nilipanda moto, yaani pikipiki, nikashuka, nikatembea, nikapanda nyingine, hadi Kalembe, pale malisho ya Masisi yanapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Niliuliza mtu wa Nyamitaba mwenye ng'ombe mmoja. Haikuwa vigumu kumpata, kwa sababu watu wa pale ni wa shamba na wa mitego, hawafugi ng'ombe, na ng'ombe aliyefungwa nyuma ya nyumba alikuwa kioja cha kijiji.

Nilimkuta baba analima muhogo wa mtu.

Hakuwa amewahi kushika jembe kwa ajili ya mtu mwingine maisha yake yote. Watu wa ng'ombe tuna kiburi chetu, hata maskini wetu. Alikuwa ameinama kwenye mstari, amevaa jezi ile nyekundu, imepauka na kutoboka mgongoni. Aliponiona alijinyosha polepole, mkono kiunoni. Akanikumbatia. Kabla hajauliza habari za mke wangu wala za watoto, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikuwepo, mbavu zinahesabika, akitafuna majani yaliyokatwa.

"Umuambie dada," akasema. "Umuambie ingali muzima."

Mwenye nyumba akaja kutusalimu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, sasa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alinieleza bila kulalamika. Ng'ombe aliponyoka siku za mwanzo na kula nusu ya muhogo wake. Wanakijiji walitaka achinjwe. Baba aliomba alime shamba hilo lote upya kwa mikono yake, na kila siku akate majani mbali, ili mnyama abaki.

"Nilimuambia Papa, 'Tuikule, tupone,'" mwalimu akasema. "Akasema haiko yake. Sijaona muntu wa vile."

Usiku huo sikulala, na asubuhi nilipanda kilima ambapo simu hupata mtandao. Nilitafuta namba yake. Nilimwandikia msichana yule wa Burkina kila kitu, kuanzia ile siku ya matope hadi muhogo. Nilikuwa nimejiandaa asinikumbuke. Alijibu kabla sijashuka. Aliomba azungumze na baba, ana kwa ana, kwenye simu ya video.

Saa sita nilirudi kilimani na baba, na mwalimu akatufuata, maana baba alisisitiza ng'ombe aje, na mtu wa kumswaga alihitajika. Baba alikuwa amenawa uso na kulowesha nywele. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kukabidhi kitu salama. Mimi nilimwambia tu kwamba dada anataka kumwona. Sikumwambia nilichoandika. Nilijiambia nitasema kilimani, kisha nikajiambia nitasema simu ikishika.

Sura yake ikatokea. Alikuwa mwanamke mzima sasa, amevaa koti jeupe la kazi. Alipomwona baba aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kusema kwa Kifaransa, haraka, bila kunisalimu.

Alisema bibi yake alikuwa mfugaji. Alisema kwao pia ng'ombe hatolewi kwa mzaha. Baba aliposimama siku ile na kuweka mkono juu ya ndama, yeye alielewa kabla sijafasiri, mwili wote ulimsisimka. Kisha mimi nikamwambia ni maigizo wanayofanyiwa wageni wote. Aliona kumbe mzee huyu amechukua neno zito kuliko yote na kulifanya kichekesho mbele ya kamera za wenzake. Ndiyo maana hakumuaga. Alimchukia baba yangu miaka yote hii, alisema, na sasa anaomba msamaha wake. Akangoja nifasiri.

Baba naye alinigeukia, uso umejaa tabasamu. "Anasema nini?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, yametengenezwa vizuri, mdomo wangu huyatengeneza wenyewe. Niliyaona yote. Nikasema, "Papa, anasema siku ile mi nilimuambia weye uko unacheza."

"Kucheza vipi?"

"Ndama. Nilimuambia haumupatie kweli. Nilikuwa naitaka kwa mahari yangu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kwa muda, halina kazi, kisha likaisha.

"Na ile maneno ya 'umutunzie'?"

"Ni yangu, Papa. Yeye hakusema. Sikumuandikia hata siku moja."

Baba alimtazama ng'ombe. Alitazama mikono yake, yenye malengelenge ya jembe. Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Mwanamke kwenye simu alikuwa anauliza kuna nini, mbona Papa amebadilika.

Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimwita mwalimu, aliyekuwa amesimama mbali kidogo akishika kamba.

"Papa, karibu hapa. Français ya masomo, ungali nayo?"

"Kidogo tu," mwalimu akasema.

"Inatosha. Unisaidie kusema na huyu mutoto yangu."

Niliponyoosha mkono kumpa mwalimu simu, baba akatikisa kichwa. "Ye ashike simu tu," akamwambia mwalimu. "Weye ndio useme."

Akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, akasimama wima mbele ya kioo, akaanza tena tangu mwanzo. "Dada, hii ngombe ni yako." Mwalimu akatafuta maneno, akayapata moja moja, Kifaransa cha ubao na chaki, amechanganya jike na dume. Yule mwanamke alifunga macho kusikiliza. Aliposikia hadi mwisho alipiga makofi polepole, mikono mbele ya kifua, akajibu, na mwalimu akamrudishia baba neno kwa neno, akisimama na kurudia pale alipokosea.

Walizungumza hivyo muda mrefu. Nilijua lugha zote mbili. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikaitunza isitikisike, na hakuna aliyenigeukia kuuliza fulani amesema nini.